Siti binti Saad: Mwimbaji aliyelelewa na mtaa wake

MWANAMUZIKI chipukizi wa Kibera, au wa Kabiro kule Kawangware, anayerekodi wimbo kwa pesa zake mwenyewe hukabiliwa na swali moja lisilokwepeka. Wimbo ukishatoka studioni, ni nani atakayemlisha?

Wengi huelekeza macho mbali: kwa kampuni kubwa za kurekodi, kwa mitandao inayosambaza muziki duniani kote, au kwa mfadhili atakayeshuka siku moja kutoka ughaibuni. Wachache hukumbuka kumtazama jirani, mama mboga, makanga wa matatu na fundi viatu, ambao ndio waliousikia wimbo huo mwanzo, ulipokuwa bado haujapata hata jina.

Swali hilo si geni Afrika Mashariki. Yapata karne moja iliyopita lilimkabili mwanamke wa Zanzibar aliyezaliwa katika ukoo wa watumwa, ambaye hakuwahi kusoma shule, na ambaye sauti yake ilikuja kuvuka bahari na kupenya hadi ndani ya bara. Mwanamke huyo ni Siti binti Saad.

Siti hakuandika kitabu cha biashara. Hata hivyo, maisha yake, tangu alipohamia mjini mwaka wa 1911 hadi alipofariki mwaka wa 1950, ni funzo kamili kuhusu namna msanii asiye na mtaji anavyoweza kudumu pindi anapoifanya jamii yake kuwa hazina yake.

Muuza vyungu wa Fumba

Siti alizaliwa yapata mwaka wa 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja. Asili ya baba yake ilikuwa Unyamwezi na ya mama yake Uzigua. Wazazi hao walimwita mtoto wao Mtumwa, jina lililotangaza waziwazi hali ya ukoo alimozaliwa.

Biashara ya watumwa ilikuwa imepigwa marufuku Zanzibar mwaka wa 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hadi 1897, Siti akiwa tayari kijana. Uhuru huo haukuja na shamba wala mtaji. Waliokuwa watumwa waliachiwa mikono yao miwili na akili zao, watafute riziki wanavyojua.

Binti huyo alirithi kazi ya mama yake ya kufinyanga vyungu. Alikuwa akivibeba kichwani na kutembea kwa miguu kutoka Fumba hadi mjini, huku akivinadi njia nzima. Inasimuliwa kwamba watu waliitambua sauti yake kabla hawajamwona, na kwamba wengine walitoka nje kuisikiliza hata siku ambazo hawakuhitaji chungu.

Kunadi huko ndiko kulikokuwa shule yake ya kwanza. Anayeuza kwa kupaza sauti hujifunza mapema kwamba sauti isiyomsimamisha mpita njia hairudishi hata gharama ya kuni za kuchomea udongo. Siti aliingia katika muziki akiwa tayari anajua jambo ambalo wasanii wengi hulijua wakiwa wamechelewa: kwamba msikilizaji ana shughuli zake, na hawiwi chochote na mwimbaji.

Taarab ikiwa ya kasri

Muziki wa taarab aliokuja kuuimba Siti haukuwa wa watu kama yeye. Ulikuwa umeletwa Zanzibar kutoka Misri katika zama za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Sultani huyo alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza muziki huo, na aliporejea akawafundisha wengine kwa ajili ya burudani ya kasri.

Mwaka wa 1905 kiliundwa kikundi cha Nadi Ikhwani Safaa, ambacho kimeendelea kuheshimika hadi karne hii. Wanachama wake walikuwa wanaume, nyimbo zilikuwa za Kiarabu, na aghalabu wasikilizaji walikuwa watu wenye nafasi. Mwanamke wa ukoo wa kitumwa kutoka shamba hakuwa na mahali katika mkusanyiko huo.

Mlango ulifunguliwa na Ali Muhsin, mmoja wa wanachama wa kikundi hicho. Siti alipohamia mjini mwaka wa 1911, Muhsin aliisikia sauti yake, akavutiwa nayo, akamfundisha misingi ya uimbaji na kumjulisha kwa wanamuziki wengine. Haukupita muda mrefu kabla ya nyumba za wakubwa kuanza kumwalika.

Ni katika kipindi hicho ambapo jina la Mtumwa lilimwondoka. Badala yake alipewa jina la Siti, neno lenye asili ya Kiarabu linalomaanisha bibi mwenye heshima. Ni mara chache jina moja hubeba safari ndefu kiasi hicho.

Baada ya muda alizungukwa na wanamuziki waliokuja kuwa nguzo za kazi yake: Subeit bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban. Kikundi hicho ndicho kilichoyabadilisha mambo, kwa kuwa kiliifanya taarab iseme Kiswahili, lugha ya sokoni, bandarini na jikoni.

Ng'ambo, upande wa pili wa hori

Makazi ya Siti yalikuwa Ng'ambo. Jina hilo linajieleza: ni upande wa pili wa hori la maji lililoutenga Mji Mkongwe, mji wa majumba ya mawe ya masultani, matajiri na mabalozi. Daraja lililounganisha pande hizo mbili ndilo lililoiachia sehemu ya Darajani jina lake.

Waliokaa Ng'ambo walikuwa wachukuzi, wavuvi, waashi, watumishi wa nyumbani, wauza vyakula na wahamiaji kutoka bara na Visiwa vya Ngazija. Wengi wao walikuwa watumwa wa zamani au watoto wa watumwa. Nyumba zao zilikuwa za udongo na makuti, na ardhi zilipojengwa ilidaiwa na wengine.

Mkazi wa Nairobi hahitaji kuvuka bahari ili kuipata taswira hiyo. Kibera imepakana na uwanja wa gofu, nayo Kawangware inatazamana na majumba ya Lavington. Upande mmoja hutoa kazi na mshahara, upande wa pili hutoa mikono ya kuifanya kazi hiyo, na kati yao huwapo barabara au mfereji ambao watu huuvuka kila alfajiri na kila magharibi.

Siti angeweza kuuvuka mpaka huo na kubaki upande wa mawe. Aliimba katika nyumba za matajiri wa Kiarabu na wa Kihindi, na aliimba mbele ya Sultani Khalifa bin Harub, aliyeshika kiti mwaka huohuo wa 1911. Msanii mwingine angehama na kusahau alikotoka. Yeye kila usiku alirejea Ng'ambo.

Nyumbani kwake palikuwa baraza, chumba cha mazoezi na mahali pa kutolea habari, vyote kwa pamoja. Wanamuziki walikusanyika jioni, majirani wakaja kusikiliza. Aliyetoka mahakamani alieleza hukumu iliyotolewa mchana, aliyetoka bandarini alieleza mkasa wa huko, na wanawake wakaeleza yaliyojiri katika ndoa na majumba ya mabwana zao. Mengi ya hayo yaligeuzwa kuwa beti, yakaimbwa, yakarekebishwa na wasikilizaji wenyewe na kuimbwa tena.

Hapo ndipo palipo siri ya kudumu kwake. Jirani aliyechangia kisa, au aliyesahihisha neno moja katika ubeti, hakuwa tena msikilizaji tu. Wimbo ulikuwa na sehemu yake ndani, naye aliutembeza mtaani kama mali yake. Hakukuwa na tangazo la kulipia lililoweza kufanya kazi hiyo.

Kisa cha Kijiti

Wimbo unaolionyesha jambo hilo vizuri zaidi ni ule uitwao Kijiti. Unatokana na mauaji ya mwanamke mjamzito aliyekuwa amekuja Zanzibar akiwa mgeni kutoka bara. Mtuhumiwa alitoroka na kuvuka bahari, ilhali wanawake wawili waliokwenda kutoa ushahidi ndio walioishia kufungwa.

Kwa watu wa Ng'ambo, kisa hicho kilikuwa kioo cha haki ya kikoloni. Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu 1890, na mahakama zake zilionekana kuwa na sikio jepesi kwa wakubwa na zito kwa wanyonge. Magazeti hayakuwafikia wengi, na wengi hawakujua kuyasoma. Wimbo wa Siti ukawa ndio kumbukumbu ya mtaa, ukitaja jina la mtenda uovu ili lisisahaulike.

Nyimbo nyingine zilihusu mapenzi, wivu, ukatili dhidi ya wanawake, na kiburi cha wenye vyeo. Zilikuwa burudani, lakini pia zilikuwa utumishi. Jamii ilipata kwa Siti kitu ambacho isingekipata kwingine, na kwa sababu hiyo haikuona tabu kumtunza.

Kutunza ndilo neno lenyewe. Katika desturi ya taarab, msikilizaji aliyeguswa huinuka katikati ya wimbo na kumpa mwimbaji pesa mbele ya watu. Tuzo hiyo ni malipo, ni sifa, na wakati mwingine ni ujumbe kwa adui aliyeketi upande wa pili wa ukumbi. Pamoja na mialiko ya harusi na sherehe, tuzo zilimpa mwimbaji pato lisilopitia kwa dalali.

Ukaribu huo na watu ulikuwa na gharama yake. Washindani walimkejeli kwa sura yake na kwa asili yake, wakamtungia beti za kumdhalilisha. Siti hakwenda kushtaki wala hakunyamaza. Alijibu kwa wimbo uliosema kwamba uzuri wa sura si hoja, na kwamba uzito wa mtu umo katika akili na tabia yake. Mtaa ukaamua nani mshindi, na jibu lake ndilo lililobaki midomoni mwa watu hadi leo.

Safari ya Bombay

Mwaka wa 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay, mji ambao siku hizi huitwa Mumbai, kurekodi santuri kwa kampuni ya HMV. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyekuwa amewahi kurekodiwa kibiashara kabla yake. Kikundi kilirejea huko tena mwaka uliofuata.

Kampuni hiyo haikujua kwa hakika kama Waswahili wangenunua santuri za lugha yao. Jibu lilikuja upesi. Santuri za Siti na wenzake ziliuzwa kwa makumi ya maelfu katika muda wa miaka michache. Mikahawa ya pwani iliyokuwa na gramafoni ilijaa watu, na wasio na uwezo wa kununua chombo hicho walisikiliza kwa bei ya kikombe cha kahawa.

Ni muhimu kutambua kilichouzwa. Wazungu wa kampuni walileta mashine, lakini nyimbo zenyewe zilikuwa zimekwisha kujaribiwa usiku baada ya usiku katika baraza la Ng'ambo. Siti hakwenda Bombay kubahatisha. Alikwenda na kazi ambayo tayari ilikuwa na wenyewe, na hao ndio waliokuwa wateja wa kwanza santuri ziliporudi nyumbani.

Mwaka huohuo wa 1928, wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao. Mtaa uliokuwa ukijisikia katika nyimbo zake ndio huohuo uliokuwa ukisimama kudai haki yake. Fahari ya kumsikia mtoto wa mtumwa akiimba katika chombo cha kisasa haikuwa jambo dogo kwa watu walioambiwa kwa vizazi vingi kwamba sauti zao hazina thamani.

Mafanikio ya HMV yaliwaamsha washindani. Kampuni za Odeon na Columbia nazo zilijitokeza kurekodi wasanii wa pwani. Kwa muda mfupi ikaonekana kana kwamba neema hiyo haina mwisho.

Msala upitao

Mwisho ulikuwapo. Mdororo wa uchumi ulioikumba dunia kuanzia 1929 ulifika hadi Zanzibar, bei za mazao zikaanguka na wanunuzi wakakosa pesa. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1930 makampuni yalikuwa yamepunguza au kusitisha shughuli zao katika eneo hili. Zama za santuri zilizomfanya Siti ajulikane mbali zilikuwa zimechukua takriban miaka mitatu tu.

Wahenga walionya dhidi ya kuacha mbacha kwa msala upitao. Msala wa HMV ulikuja ukapita. Mbacha wa Ng'ambo, ingawa ulikuwa umechakaa, ulibaki pale ulipokuwa, na Siti hakuwa ameuacha hata siku moja.

Miaka mingi baada ya makampuni kuondoka, aliendelea kuimba. Harusi hazikukoma kwa sababu ya mdororo, wala watu hawakuacha kugombana, kupendana na kudhulumiana. Maadamu mtaa ulikuwa na mambo ya kusema, mwimbaji wake alikuwa na kazi.

Fauka ya hayo, nyumba yake ikawa chuo. Wanawake wa Ng'ambo, ambao kabla yake hawakuthubutu kusimama mbele ya watu kuimba taarab, walianza kuunda vikundi vyao wenyewe. Msichana mmoja, Fatuma binti Baraka, alizoea kumsikiliza Siti na kuzishika nyimbo zake. Msichana huyo ndiye aliyekuja kujulikana duniani kote kwa jina la Bi Kidude, na aliendelea kuimba hadi uzeeni sana, kabla ya kufariki mwaka wa 2013.

Kwa hesabu za kibiashara, hao ni washindani aliowalea mwenyewe. Kwa hesabu za jamii, ni kuzidisha wasikilizaji. Kila kikundi kipya cha wanawake kilipanua soko la taarab ya Kiswahili na kumwongezea heshima aliyelianzisha.

Kabla hajafa, Siti alizungumza na mwandishi mashuhuri Shaaban Robert na kumsimulia maisha yake. Mazungumzo hayo yalizaa Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi wa Kiswahili wamekisoma. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Mwaka wa 1988 wanahabari wanawake wa Tanzania walipoanzisha jarida lao, walilipa jina la Sauti ya Siti.

Funzo kwa Kabiro na Kibera

Vyombo vimebadilika. Santuri ilifuatwa na kanda, kanda ikafuatwa na sidii, na sasa wimbo husafiri kwa simu. Kila chombo kipya kilipoingia, wasanii waliambiwa kwamba hicho ndicho kitakachowatajirisha, na kila kilipoondoka kiliondoka na wale waliokitegemea peke yake.

Mfano wa Siti hauwataki wasanii wa leo waikatae teknolojia. Yeye mwenyewe alivuka bahari kuifuata. Unawataka waifikie wakiwa na watu nyuma yao. Msanii wa Kabiro ambaye hajulikani na waumini wa kanisa la jirani, na vyama vya akina mama, na timu ya mpira ya mtaa, na madereva wa matatu za njia yake, atafika kwenye mtandao akiwa mmoja kati ya mamilioni wasiojulikana.

Kujulikana na majirani si kuwauzia tiketi tu. Siti aliwapa kwanza. Aliwapa nyumba ya kukutania, habari walizonyimwa, sauti pale mahakama ilipowanyamazisha, na fahari pale walipodharauliwa. Nao walimlipa kwa tuzo, kwa mialiko, kwa kununua santuri, na kwa kuendelea kumwita hata alipozeeka.

Vilevile hakuona haya kuimba kwa lugha ya watu wake mbele ya walioidharau. Kijana wa Kibera, mtaa ambao Kiswahili kimezungumzwa tangu wazee wa Kinubi walipopewa makao humo mwanzoni mwa karne iliyopita, ana utajiri huohuo kiganjani. Visa vya kodi ya nyumba, bomoabomoa, mafuriko na vibarua wasiolipwa vinangoja beti.

Utumishi wa namna hiyo hauleti utajiri wa haraka. Huja polepole, tuzo baada ya tuzo, harusi baada ya harusi. Lakini huwa na mizizi, na mti wenye mizizi hauangushwi na upepo wa msimu mmoja.

Muuza vyungu wa Fumba alilijua hilo kabla hajashika kipaza sauti. Chungu huuzwa kwa anayepika, na anayepika yuko mtaani.